Benki Iliyoupa Mlima Mgongo

Nimefanya kazi ndani ya jengo lile la benki sehemu kubwa ya utu uzima wangu, na sikuwahi kulipenda. Nalisema hilo mapema kwa sababu siku hizi kila mtu hapa Moshi anadai kulipenda. Watalii walioshuka mlimani na pua zilizobabuka husimama ng'ambo ya barabara wakilipiga picha. Maharusi hupelekwa pale Jumamosi, bibi harusi akaikumbatia nguzo kana kwamba ndiyo aliyoolewa nayo. Wasomi wanaliita urithi. Mimi niliyekaa ndani yake nikihudumia wateja, jasho likinitiririka mgongoni, nililiita tanuri lenye nguzo.

Ukilitazama kutoka barabarani utaona ngazi pana za mawe, kisha nguzo nene nyeupe, na juu ya nguzo pembetatu kubwa kama paa la kanisa lililokatwa likabandikwa mahali pasipo pake. Ndani ya pembetatu kuna mashada ya matunda ya plasta. Kuna zabibu, kuna mapeasi, kuna majani fulani ya kuchongokachongoka ambayo hayajawahi kuota Kilimanjaro. Mkungu wa ndizi hakuna. Tawi la mbuni hakuna, ingawa benki yenyewe ililetwa na kahawa, na bila kahawa hakuna Mzungu ambaye angesafirisha sanduku la fedha mpaka huku. Aliyechonga aliona ni bora kutuwekea matunda ya kwao.

Mtaalamu mmoja, ambaye nitamfikia, alituambia kwamba mtindo ule ni wa miaka ya mwisho ya yule malkia wa Waingereza aliyevaa nguo nyeusi mpaka akafa. Lakini jengo lenyewe lilijengwa muda mrefu baada ya malkia kuzikwa, reli ikiwa imeshafika mjini. Maana yake ni kwamba hata siku linafunguliwa, huko kwao lilikuwa limeshapitwa na wakati. Tuliletewa mtumba, tukaambiwa ni nguo ya sikukuu.

Ndani ndiko kulikokuwa na kichekesho. Ofisi ya meneja ilikuwa na meko ya kuotea moto, yenye marumaru na bomba la kutolea moshi mpaka juu ya paa. Katika mji huu, ambao mwezi wa pili mbwa hulala ndani ya mitaro kutafuta ubaridi, mtu alikaa chini na rula akachora meko! Njiwa walilifanya bomba lile nyumba yao. Kila meneja aliyekuja aliweka maua ya plastiki mahali pa kuni, na kila baada ya muda kinyesi cha njiwa kiliyaangukia maua. Ukumbi wa wateja ulikuwa mrefu na wenye giza, taa zikiwaka mchana kutwa. Madirisha yalikuwa membamba, yote upande wa barabara, yote na nondo. Choo cha wafanyakazi kilikuwa uani, kimejengwa baadaye kwa matofali ya saruji, kwa sababu aliyechora ramani hakuwa na habari kwamba watu kama sisi tungekuja kukaa ndani.

Na upande wa kaskazini, uliko mlima, hapakuwa na dirisha hata moja. Ulikuwa ukuta mtupu, mnene, kutoka msingi mpaka paa, chini na juu. Ukitoka uani kwenda chooni, Kibo hiyo hapo, nyeupe, inakujaa machoni. Ukirudi ndani unarudi gizani. Nilidhani kwa miaka mingi kwamba ilikuwa ni habari ya usalama, kwa sababu chumba cha fedha kilikuwa upande ule. Lakini ghorofani hapakuwa na fedha. Palikuwa makazi ya meneja wa enzi zile, na hata huko waliziba. Siku hizi naamini sababu ilikuwa nyepesi zaidi. Barabara iko kusini, na jengo lile lilijengwa ili litazamwe. Habari ya aliyemo ndani kutazama nje haikumjia mtu akilini.

Ghorofani nilipanda kwa mara ya kwanza kwa sababu ya sari.

Meneja wetu wakati huo alikuwa kijana aliyeletwa kutoka Dar, suti imembana, viatu virefu kama mitumbwi. Siku moja aliniita akiwa amesimama nje kwenye ngazi, ameinua kichwa, amekasirika.

"Dada, hebu ona kule juu. Ona!"

Juu, kwenye ukingo wa baraza la mbele, chini kidogo ya zabibu za plasta, zilikuwa zimeanikwa sari, moja ya kijani, moja ya rangi ya korosho.

"Kesho nina wageni wa makao makuu," alisema. "Nenda kamwambie yule bibi azitoe. Anaharibu sura ya jengo."

Yule bibi ndiye aliyekuwa mwenye jengo. Benki ilikuwa mpangaji wake tu, jambo ambalo mameneja walilisahau kwa makusudi. Alikuwa mjane Mhindi, Mhindu, mzaliwa wa Moshi. Baba mkwe wake alilinunua jengo wakati Wazungu walipofunga virago, na yeye aliolewa akaletwa pale ghorofani akiwa msichana. Watoto wake walikuwa ng'ambo. Alibaki peke yake juu ya vichwa vyetu, tukisikia tu fimbo yake ikigonga sakafu ya mbao.

Nilipanda, nikabisha. Alifungua mwenyewe, mwembamba, nywele nyeupe zimesukwa mkia mmoja mrefu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Amekutuma habari ya sari."

"Ndiyo, Bibi. Ana wageni kesho."

"Wageni wake wanaogopa sari?"

"Anasema zinaharibu sura ya jengo."

"Sura!" Alinitazama kama mtu aliyepewa maziwa yaliyoganda. "Wewe uko humo chini siku nyingi. Ukiwa ndani umewahi kuiona hiyo sura?"

"Hapana, Bibi."

"Basi. Sisi tuliomo ndani tunakaa nyuma ya pua. Ingia, usisimame mlangoni."

Nikaingia, na joto likanipokea kana kwamba mtu amefunua sufuria. Nilidhani chini ndiko kwenye tanuri. Kumbe chini tulikuwa tunapata nafuu. Sebule ya mbele ilipata hewa kidogo ya barabarani, pamoja na vumbi na honi. Lakini jiko na chumba chake cha kulala vilikuwa nyuma, vimeegemea ule ukuta wa kaskazini, bila hata tundu. Juu kabati la sala, chini godoro, na feni iliyozungusha joto lile lile kutoka pembe hii kwenda pembe ile. Alizitoa sari barazani, tukazianika pamoja kwenye kamba chumbani. Aliniambia zikikaukia mle hunuka kama mbwa aliyenyeshewa. Kisha akanipa chai yenye tangawizi, yeye mwenyewe akikohoa sana.

Tangu siku hiyo nikawa napanda. Nilimletea ndizi kutoka kwa mama yangu kijijini Uru, na maharage yakivunwa, na kwa kuwa yeye hakula nyama, tulipika kiburu, ndizi na maharage vikapondwa pamoja, chakula ambacho nyumbani kwetu hatukudhani mgeni angekitamani. Yeye alikijua tangu utotoni; yaya wao alikuwa mama wa Kichagga, na maneno kadhaa ya Kichagga alikuwa akiyatamka vizuri kuliko wanangu waliokulia mtaa wa Soweto hapa hapa mjini. Alikula taratibu, akilisema jengo.

Alilisema kuliko mimi. Mumewe, aliniambia, alikuwa akizifuta nguzo kwa kitambaa siku za sikukuu. Yeye alipofika pale kama bibi harusi, jambo la kwanza aliloomba lilikuwa dirisha la jikoni. Mumewe alishtuka. Alimwambia watu wangesema familia yao imenunua jengo la Wazungu ikaligeuza banda.

"Nikapika gizani maisha yangu yote," alisema, "ili watu wasiseme."

Kisha ikaja kamati.

Ilianza na meneja yule yule wa sari. Yeye alikuwa na mpango wa kulifunika jengo zima kwa mabati ya kung'aa yenye rangi za benki, toka ngazi mpaka pembetatu, na tayari michoro ilikuwa mezani kwake. Halafu akaja mtaalamu wa majengo ya kale kutoka Dar, mwenye shati la kitenge na kamera, pamoja na mzee mmoja wa Kizungu, mstaafu, aliyekaa hapa muda mrefu na anayeipenda sana Moshi ya zamani, ile ambayo sisi hatukuruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele. Walimwambia meneja kwamba ameketi juu ya lulu. Makao makuu yaliposikia kuna habari ya magazeti, yakafurahi, na hao watatu wakajiita kamati ya urithi. Mara moja michoro ya mabati ikatoweka mezani, na meneja akaanza kupapasa nguzo akipita, kama mfugaji anayempapasa ng'ombe wa maziwa.

Waliita mkutano ukumbini, Jumamosi mchana, baada ya kufunga. Wafanyakazi tuliamriwa kubaki ili viti vijae. Kulikuwa na soda na sambusa. Mtaalamu alituonyesha picha ukutani, nguzo kwa karibu, zabibu kwa karibu, meko kwa karibu, maua ya plastiki yakiwa yameondolewa kwa heshima. Alisema jengo lina mdundo. Alisema jengo linazungumza na mji. Mfanyakazi mwenzangu aliyekaa kando yangu aliuliza kwa sauti ya chini kama limewahi kusema lini litatujengea choo ndani.

Bibi alishuka. Sikujua kama atakuja. Alishuka ngazi za ndani na fimbo yake, amevaa sari nyeupe, akakaa kiti cha mbele bila kuonyeshwa. Mtaalamu alipouliza kama kuna swali, akanyoosha fimbo.

"Mimi ndiye mwenye nyumba," alisema. "Nataka kutoboa dirisha upande wa kaskazini. Nimezaliwa chini ya mlima huu. Nataka niuone kutoka kitandani kwangu kabla sijafa."

Mzee wa Kizungu alitoa leso. Meneja akainamisha kichwa kama aliye kanisani. Hata mimi nilipapasa mkoba nikitafuta leso.

Mtaalamu alikunja mikono kifuani. "Mama, tunakuelewa sana. Lakini ukuta ule ndio sehemu pekee ambayo haijaguswa kabisa. Ni ukurasa safi. Ukiutoboa, unakata mazungumzo ya jengo."

"Mazungumzo na nani?"

"Na historia, Mama."

"Mimi nimekaa nalo tangu niolewe," Bibi alisema. "Halijanisalimia hata siku moja."

Watu walicheka, na meneja akasimama haraka kuufunga mkutano. Alisema wazo la Mama limepokelewa na litafanyiwa kazi. Tulio maofisini tunajua maana ya maneno hayo.

Kumbe kweli alilifanyia kazi. Wiki iliyofuata aliniita ofisini. Nyuma ya mlango kulikuwa na picha kubwa ya Mlima Kilimanjaro, imewekwa kwenye fremu ya dhahabu, nembo ya benki pembeni, na twiga mbele, twiga ambaye sijui aliingizwaje.

"Dada, mpelekee yule bibi," alisema, amejawa na wema. "Aitundike kwenye ule ukuta. Sasa ataamka anauona mlima kila siku, hata mawingu yakiwepo."

Niliibeba juu nikiona aibu kwa niaba ya watu wote waliowahi kufunga tai. Bibi aliitazama picha, akamtazama twiga. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamshika mgongo, nikamletea maji. Alipopata pumzi alikuwa hacheki tena.

"Una fundi?" aliniuliza.

"Bibi, watakasirika."

"Nyumba ni ya nani?"

"Ni yako."

"Una fundi au huna?"

Nilimwambia ninaye mjomba wangu. Kisha, kwa sababu yale maneno ya mkutanoni yalikuwa bado yamenikaa moyoni, nikasema, "Ni haki yako uuone mlima, Bibi."

Alinipungia mkono kama anayefukuza nzi.

"Mlima? Mlima nauona kila nikienda kununua mchicha. Nimeuona mpaka nimechoka. Mimi nataka upepo. Jioni upepo unashuka kutoka kule juu, unapita nyuma ya ukuta huu, nausikia unavyotikisa mabati ya choo chenu, na mimi niko humu ndani nachemka. Lakini ningewaambia nataka upepo, wangeniambia ninunue feni nyingine. Nikiwaambia nataka mlima, wanatoa leso."

Kumbe nami nilikuwa nimetafuta leso bure.

Mjomba wangu wa Uru alikuwa mwashi wa kujenga mabanda ya nguruwe na makaburi, na alijisifu kwa yote mawili. Nilimwomba aje Jumapili, benki ikiwa imefungwa, aje na timazi na pimamaji ili dirisha linyooke. Alikuja baada ya misa ya kwanza na nyundo kubwa, na rafiki yake mmoja, na mdomo. Timazi na pimamaji alivisahau. Mlinzi wa benki alituuliza tunakwenda wapi na saruji. Bibi akamwita kwa jina kutoka juu, akamwambia apande anywe chai, na habari ikaishia hapo.

Kabla ya nyundo kupiga, Mjomba aliupapasa ukuta kwa heshima. Hata yeye! Alisema Waingereza walikuwa hawafanyi mchezo, mawe kama haya huyapati tena, kazi itachukua mpaka giza. Alichimba kwanza mfereji wa kuweka boriti ya zege ya kubeba ukuta juu ya dirisha, na hapo plasta ikaanguka kwa mabamba, ikafuata safu ya mawe yaliyochongwa vizuri. Kisha nyundo ikazama. Ikatoa sauti ya chini, kama kupiga gunia.

Mjomba akaingiza mkono, akauchomoa. Ulikuwa umejaa udongo.

Nyuma ya safu ile nyembamba ya mawe hapakuwa na mawe mengine. Palikuwa na udongo mkavu, kokoto za mtoni, vipande vya chupa, matofali yaliyoungua vibaya, na soli ya kiatu. Ukuta mzito uliotufungia pumzi, uliomtia woga mume wa Bibi, ulikuwa umejazwa takataka katikati na kupakwa usoni. Mjomba alikasirika kuliko sisi sote. Alisema yeye hata banda la nguruwe hawezi kulijenga hivyo, nguruwe wangemwona mhuni.

Bibi aliichukua ile soli, akaigeuzageuza.

"Mume wangu alikuwa akizifuta nguzo," alisema polepole. "Kwa kitambaa cha hariri."

Hakucheka. Aliiweka soli juu ya rundo la kifusi, akanawa mikono, akatuandalia viazi na chapati.

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka, haraka kupita kiasi. Nilibeba ndoo za udongo kwenda uani mpaka mabega yakawaka. Mjomba na rafiki yake waligombana kuhusu kipimo, kila mmoja akipima kwa kiganja chake, na fremu ya mbao ilipoingizwa niliona wazi kwamba imelala upande mmoja. Nikamwambia. Akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akatazama.

"Dirisha limenyooka," alisema. "Jengo ndilo limepinda."

Jioni mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu mazito, hata vilima vya Uru havikuonekana. Tulikuwa tumechoka, tumekuwa weupe kwa vumbi. Ndipo upepo ukaja. Haukuja kwa kishindo. Uliingia tu, wa baridi, wenye harufu ya migomba na moshi wa jikoni za watu, ukainua pembe ya shuka kitandani, ukapita jikoni, ukatokea kwenye baraza la mbele. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza hewa kuvuka jengo lile toka upande mmoja hadi mwingine. Bibi alikuwa kwenye kiti. Aliufungua mkia wa nywele zake, akazitandaza mabegani, akafumba macho. Tulifagia kwa utulivu tukidhani anasali. Tulipomaliza tukaona amelala, mdomo wazi, anapumua bila kukohoa.

Jumatatu meneja alikuta kifusi uani. Alitazama juu, akaona dirisha, akaja mezani kwangu mbele ya wateja.

"Nani kafanya hivi?"

"Mwenye nyumba."

"Na fundi kamtoa wapi? Usinidanganye, dada. Mlinzi kaniambia."

"Fundi ni mjomba wangu."

"Unajua umeharibu nini? Unajua thamani ya ukuta ule?"

"Najua," nilimwambia. "Nimeubeba kwenye ndoo. Ni udongo na chupa."

Alinihamishia meza ya nyuma kabisa, karibu na stoo, mahali ambapo hakuna mteja anayefika. Alidhani ni adhabu. Kule nyuma kulikuwa na mlango wa uani, nami niliuacha wazi. Aliapa pia kwamba kamati itamburuza yule bibi mahakamani, lakini kamati haikuwa na karatasi yoyote ya serikali. Ilikuwa na nembo na kofia. Na mtaalamu alikuwa amesharudi Dar. Meneja hakumpigia simu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba aliogopa makao makuu wakijua lulu yao imetobolewa chini ya uangalizi wake.

Kwa hiyo alinyamaza. Miezi ikapita, wakaja wanafunzi wa yule mtaalamu, wamejaa simu na vipimo, wakapima kila kitu kilichokuwa mbele yao, pamoja na dirisha. Plasta ya Mjomba ilikuwa imeshanyeshewa na masika ikashika ukungu, ikaonekana kuukuu kama nyingine. Hakuna mwanafunzi aliyepanda kumuuliza Bibi kitu. Walisema hawataki kumsumbua.

Siku ya sherehe ya kuweka kibao cha urithi, wageni walijaa mpaka barabarani. Mtaalamu aliwaongoza kulizunguka jengo, sisi wafanyakazi nyuma yao na fulana mpya za benki. Walipofika uani, yeye yule yule aliyeuita ukuta ule ukurasa safi alifunua michoro ya wanafunzi wake, akainua mkono.

"Na hapa," alisema, "ndipo mjenzi alipoonyesha moyo wake. Ukuta wote ni kimya. Ila dirisha moja, dogo, la unyenyekevu, limeelekezwa mlimani. Tazameni lilivyoinama kidogo. Si bahati mbaya. Mjenzi anauinamia mlima."

Watu wakasema aah. Mzee wa Kizungu, ambaye alikuwepo mkutanoni siku Bibi alipoomba dirisha, ambaye alilia kwa leso, alitikisa kichwa kukubali. Nilimtazama meneja. Alikuwa anasoma simu yake kwa bidii kubwa.

Nilipenya nikapanda juu. Bibi alikuwa pale pale dirishani, nyuma ya pazia, amesikia yote.

"Niwaambie?" nilimuuliza. "Nishuke sasa hivi niwaambie mbele ya kamera?"

"Uwaambie nini? Wakijua ni letu, watalirudishia mawe." Aliketi kitandani. "Acha liwe la malkia. Upepo haujali."

Jambo hilo lilinichoma. Nilitaka sana kuiona sura ya yule mtaalamu ikianguka kama plasta. Bado nataka. Lakini dirisha lilikuwa la Bibi, na kifua kilikuwa chake, nami nikameza maneno yangu. Chini walipiga makofi kufunua kibao. Tulimenya ndizi.

Benki imeshahama. Imejenga jengo la vioo upande wa pili wa mji, ambalo madirisha yake hayafunguki kabisa, na umeme ukikatika wateja hujipepea kwa fomu. Mimi nilistaafu mwaka uliofuata. Bibi yuko bado. Watoto wake wamechoka kumbembeleza ahamie kwenye theluji. Chini amempangisha muuza magodoro, mtu mpole anayezitumia nguzo kufungia mabango yake, na wapenda urithi wamemwandikia malalamiko.

Na Mjomba? Mtu fulani alimsomea yale maneno ya mtaalamu kutoka kwenye simu. Nilitegemea angecheka. Badala yake aliomba asomewe tena, na tangu hapo kilabuni kwao Uru, akiwa na kata yake ya mbege, pombe yetu ya ndizi, anawaeleza wenzake kwamba dirisha lile alilipinda kwa makusudi.